Kinu Ng'ambo ya Mwezi

Ruangwa,
12 Mei 2024

Mjomba Kaimu,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na kwamba unakula vizuri, maana najua ukiwa peke yako unapika mara moja unakula siku mbili. Huku hatujambo. Baba anakusalimu. Presha yake imetulia tangu apunguze chumvi, ila kila mboga inayowekwa mezani lazima ailalamikie kwanza. Ufuta wake umeshakatwa, umesimamishwa matita shambani unakauka. Banda langu bado lipo karibu na stendi. Naweka watu nyimbo kwenye simu, na siku hizi nahamisha na kanda za zamani kwenye flashi.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu yako haipatikani tangu mwezi wa pili. Gaudens, yule dereva wa lori la ufuta, ameniambia umeizima ukaifungia kabatini, na kwamba umesema anayekutaka akuandikie kama nilivyokuwa nakuandikia nikiwa bweni. Basi nimenunua bahasha.

Mjomba, mzee Hemedy mshenga amerudi kutoka kwako. Anasema ulimchinjia kuku, ukamtilia mchuzi mara mbili, ukamsindikiza mpaka barabarani. Ila barua ya posa ya Imrani uliiweka juu ya redio kaseti na ukaanza kuzungumzia bei ya korosho. Baba ameshakubali. Lakini anasema kwetu binti hatoki mpaka mjomba atamke, na yeye hawezi kukuruka. Kwa hiyo watu wa Imrani huko Nambilanje wanangoja, na mimi nangoja.

Imrani anasema ni mambo ya bendi. Eti wewe na baba yake, mzee Rashidy, mlibishana kwenye grupu la WhatsApp la wapenzi wa Nyota Mkia kuhusu albamu ipi ni bora kuliko zote, na siku hiyo hiyo ukatoka grupu. Nimemwambia mjomba wangu hawezi kunizuia kuolewa kwa ajili ya kanda. Nimesema hivyo nikiwa sina hakika, maana nimekulia kwako na najua Ijumaa jioni hakuna aliyeruhusiwa kugusa ile redio.

Kama ni hilo kweli, mimi kura yangu naipa Zohali, ambayo wazee wote hamuitaki, ili mshindwe wote wawili.

Mpwa wako,
Amna


Ruponda,
2 Juni 2024

Amna mwanangu,

Marahaba. Goti lipo. Mbuzi yule mweupe amezaa mapacha, mmoja amekufa. Mikorosho imeanza kutoa majani mapya na nimeshanunua dawa ya salfa, mwaka huu nitapuliza mapema. Mwambie baba yako chumvi haijawahi kumuua mtu wa kwao, ila afuate daktari.

Zohali ni albamu ya watu waliokwisha kununua kinanda. Sina la kuongeza hapo.

Kwa kuwa umepiga kura bila kujua unachokipigia, ngoja nikueleze. Nyota Mkia walikuwa vijana wanne wa Nachingwea, walioanza mwaka ule nyota yenye mkia ilipopita. Wengine waliimba mapenzi, wao waliimba anga. Gitaa walilipigia kwenye mdomo wa pipa tupu la maji ili litoe mwangwi. Nyimbo zao zilikuwa hazichezeki. Kwenye harusi watu walitandika mikeka wakalala chali kutazama juu, na wenye harusi wakalalamika kwamba hakuna aliyetunza. Walitoa kanda tatu: Kilimia, halafu Ng'ambo ya Mwezi, halafu hiyo yako.

Rashidy anashikilia Kilimia. Anasema kila wimbo wake unaisha pale unapotakiwa kuisha. Mimi nasema hiyo ndiyo kasoro. Mtu aliyekwenda mbali kweli harudi kwa saa. Anasema pia Kilimia ina wimbo wa mvua ambao baba yake aliusikiliza kabla ya kupanda. Sawa, lakini huo ni ushahidi wa mbegu, si wa muziki.

Ng'ambo ya Mwezi ilirekodiwa hapa Ruponda, uani kwetu, kwa redio kaseti hii hii. Nilikuwa na redio wao hawana, basi wakaja. Mimi sikupiga chombo chochote, nilibonyeza tu. Grupuni kuna mtu wa Nanganga, Evarist, aliandika maelezo marefu kwamba ile ngoma nzito ya wimbo wa mwisho ililetwa kutoka Zaire. Watu wakamshukuru. Ile ni kinu. Aliyekuwa anatwanga hakuwa mwanabendi, na naishia hapo.

Rashidy alisema jambo kuhusu mwisho wa wimbo ule. Alisema mbele za watu, na watu wakacheka. Sitalirudia. Mtu anayecheka hivyo, nyumba yake siijui vizuri kiasi cha kukupeleka.

Na kijana wake sina neno. Barua ipo juu ya redio. Haijafunguliwa, haijarudishwa.

Mjomba wako,
Kaimu


Ruangwa,
16 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo tena. Pole kwa mbuzi. Ufuta wa Baba umepata daraja la kwanza mnadani, na tangu siku hiyo amekuwa mtu wa kupita mitaani bila safari. Shangazi Sikudhani anakusalimu, anasema ukija Ruangwa usipofika kwake atakutangaza.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Kwanza nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Mjomba, mimi nina miaka thelathini. Wenzangu wanasindikiza watoto shule. Nimempata mtu anayenisikiliza, halafu nangoja ruhusa iliyokalia redio.

Wewe unasema sikujua ninachokipigia kura. Najua kuliko unavyodhani. Imrani na mimi tulijuana kwa kanda hiyo hiyo. Mwezi wa kwanza alikuja bandani na Ng'ambo ya Mwezi ya baba yake, nzima kabisa, imetunzwa kwenye mfuko wa khanga. Mzee alitaka niihamishe kwenye flashi na niisafishe. Niondoe mkwaruzo, na pale mwisho nikate mwanamke anayepayuka habari za ugali wimbo ukiwa bado haujaisha. Ni kweli inachekesha. Watu wako angani huko, ghafla mtu anawaita kula. Nikakata. Kile kipande mzee akaomba nimpe kikiwa peke yake awachekeshe wenzake. Alifurahi, akaniletea na karanga.

Kwa hiyo naongea kama fundi. Ukishakata pale, ile albamu inaikaribia Zohali. Nyie wazee wawili mngekaa mkaisikiliza hiyo iliyosafishwa, ugomvi usingekuwepo, maana hata yeye kinachomuudhi ni pale mwisho tu.

Baba anasema mama angekuwa hai angekulainisha kwa neno moja. Mimi sijui alikuwa anaongeaje. Watu wote wananiambia nimefanana naye pua na mwendo, lakini sauti hakuna anayeweza kunionyesha.

Tafadhali nijibu kabla Gaudens hajamaliza kusomba ufuta.

Amna


Ruangwa,
11 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Ufuta umekwisha na lori la Gaudens sasa linabeba mbao, kwa hiyo hii inakuja kwa kubembeleza.

Gaudens anaapa alikukabidhi barua yangu mkononi. Anasema uliisoma umesimama, ukaikunja, ukaingia ndani, na hukumuaga. Gaudens humuagi? Hapo nikajua kuna kitu.

Mzee Hemedy amepita. Watu wa Nambilanje wanasema korosho za kwanza zikianguka bila jibu watahesabu kwamba wamekataliwa, na hawatafanya kelele. Imrani amekaa bandani mchana kutwa akirudisha nyuma kanda za watu kwa kalamu.

Kama nimekukosea, nitajie. Uliponilea ulikuwa unanichapa kwanza ndipo unaniambia kosa, lakini ulikuwa unaniambia.

Amna


Ruponda,
25 Agosti 2024

Amna mwanangu,

Marahaba. Nilitaka kukuandikia kwamba salfa imenishika, na wiki za mwanzo ni kweli. Macho yalivimba kwa ule unga. Baada ya hapo ilikuwa ni mimi tu.

Hujanikosea. Soma hii ukiwa umekaa.

Yule mwanamke wa ugali ni mama yako.

Zuhra alikuwa amekwisha kupika. Ugali umefunikwa, na yeye akaanza kutwanga makopa ya muhogo ya kesho. Vijana wakamwomba apumzike kidogo tumalize kurekodi. Akasema kazi yake ina mwisho, ya kwao haina, kwa hiyo wamngoje wao. Hawakumngoja. Yule wa gitaa akasikiliza mchi unavyoanguka, akaanza kumfuata. Hivyo wimbo mzima unaousikia, bendi inamfuata mama yako, si yeye anayewafuata. Ndiyo sababu nasema albamu hiyo ndiyo bora, na grupuni nisingeweza kusema sababu.

Alipochoka akaita. Neno lake lilikuwa: Nyie mlioko mwezini, ugali unapoa. Nikabonyeza, ikakatika.

Nilikuwa na kanda yangu. Baada ya yeye kufariki, wewe ukiwa unatambaa, niliipiga kila Ijumaa. Redio ikaitafuna, na ikaitafuna pale pale mwisho. Nikaunganisha kwa gundi, lakini kipande chake kilikuwa kimesagika. Niliendelea kuipiga Ijumaa mpaka kwenye kinu. Baada ya kinu palikuwa na mkwaruzo, na mimi nilikuwa najazia mwenyewe kichwani. Miaka ilivyokwenda nikawa sina hakika kama ninachojazia ni sauti yake au ya bibi yako.

Mwezi wa pili asubuhi nafungua grupu, nabonyeza kitu alichotuma Rashidy, namsikia Zuhra. Chini yake watu wameweka vile vikatuni vya kucheka, safu nzima. Rashidy ameandika kwamba huyu mama ndiye aliyeiangusha roketi. Nikatoka, na kwa hasira nikafuta kila kitu kilichokuwemo. Na Zuhra alikuwemo. Simu niliifungia kabatini kwa sababu hiyo, si kwa ajili ya Rashidy.

Sikukuambia kwa kuwa sikutaka umsikie mara ya kwanza akiwa anachekwa. Kumbe ulikwisha kumsikia kabla yangu, ukamkata, ukala na karanga. Silaumu. Ulikuwa kazini, na hakuna aliyekuwa amekuonyesha sauti yake, hata mimi.

Nina swali moja. Ulichokikata kipo?

Kaimu


Ruangwa,
15 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Baba hajambo. Sikumwambia mpaka juzi, na nitafika huko.

Kwangu hakikuwepo. Kazi za wateja nazifuta kila mwezi kompyuta ipate nafasi. Nilitafuta hata hivyo, siku nzima, nimefunga banda. Imrani hakuwa nacho. Mzee Rashidy alikuwa ametumbukiza simu kisimani mwezi wa tano. Grupuni nilijua kipo, lakini sikutaka kumwomba mama yangu kwa watu waliomcheka. Ilibaki kanda yenyewe, Nambilanje.

Binti kufika ukweni posa haijajibiwa ni aibu, unajua. Nilimwomba shangazi Sikudhani anisindikize, akavaa kabisa kama anayekwenda msibani. Tulifika tukakaa barazani, ndani hatukuingia, maji tulikunywa. Mzee Rashidy alitoka amekunja uso, akidhani nimeleta jibu lako. Nikamwambia nimekuja kusikiliza kanda. Akatutazama mimi na shangazi, akaingia ndani, akarudi na redio.

Aliiweka tangu mwanzo, hakutaka kuruka hata wimbo mmoja. Muda wote alikuwa anatuonyesha mahali ambapo Kilimia ingefanya vizuri zaidi. Kinu kilipoanza akaongeza sauti, maana wimbo huo anaupenda ingawa hakubali. Halafu ukafika mwisho.

Mjomba, nilidhani nitalia na sikulia. Nilinyoosha mkono nikarudisha kanda bila kumwomba mwenyewe. Sauti yake ni nzito kuliko yangu. Anaivuta ile nyie kama mtu aliyekwisha kuita mara mbili hakuitikiwa. Akishasema unapoa kuna pumzi, kama anajizuia kucheka, halafu mchi unaanguka mara moja tena, ndipo inakatika. Huo mchi wa mwisho wewe hukuuandika. Nadhani uliusahau. Mara zile za mwezi wa kwanza niliusikia kama kasoro ya kurekodi.

Shangazi alisema Zuhra, akavuta khanga usoni. Mzee Rashidy akauliza Zuhra ni nani. Nadhani akaona mwenyewe, maana alinitazama mimi, akaitazama redio. Akaizima. Akafuta vumbi kwenye kitufe cha redio kwa kidole. Kisha akasema, mwambie mjomba wako Kilimia bado ni bora. Lakini mwisho kama huo Kilimia haina.

Alitoa kanda, akaifunga kwenye ule mfuko wa khanga, akanipa. Nikamwambia nikishaihamisha nitairudisha. Akasema mtu harudishiwi kisicho chake.

Imrani anasema usiku huo baba yake aliazima simu, akaandika grupuni kwamba mwenye kile kipande akifute. Baadaye akaandika tena, wasikifute, ila asicheke mtu.

Juzi nikamwekea Baba. Alisikiliza, akaomba nirudie, halafu akaenda shambani wakati shambani hakuna kazi.

Wimbo wote nimeuhamisha bila kusafisha, na mkwaruzo wake. Upo kwenye flashi hii, na spika ndogo nimekuwekea na chaja. Posa utaijibu unavyoona, sitakuandikia tena kuhusu hilo. Nataka kujua jambo moja tu. Baada ya kanda kukatika, mlimjibu?

Amna


Ruponda,
29 Septemba 2024

Amna mwanangu,

Marahaba. Korosho za kwanza zimeanguka jana chini ya mkorosho wa kisimani. Nimeziokota, nimeziweka dirishani.

Barua ya posa nimeifungua. Rashidy ana mwandiko mbaya, lakini maneno ni ya heshima. Mwambie Hemedy aje Jumamosi, na safari hii hatakula kabla ya kupewa jibu. Jibu ni ndiyo. Rashidy naye aje, alete Kilimia yake, tutaisikiliza yote mbele ya watu na nitasema kasoro zake moja moja. Siku ya harusi wewe usiweke Zohali.

Simu nimeitoa kabatini. Haiwaki.

Ulichouliza. Hapana, hatukumjibu. Tulikuwa tunabishana kama wimbo ukatwe pale au urudiwe, na tulipokwenda kula ugali ulikuwa umepoa kweli. Alitutazama tunavyokula. Mchi wa mwisho nilikuwa nimeusahau, umesema kweli.

Gaudens alileta mzigo Ijumaa mchana. Sikungoja jioni. Kinu bado kipo uani, kimepasuka mdomo, kuku wanatagia humo. Nikamtoa kuku, nikaiweka spika ndani yake, nikakaa kwenye kigoda upande wa jikoni, pale alipokuwa amesimama yeye. Nikausikiliza wimbo wote. Akaita.

Nikamwambia tunakuja, Zuhra.

Mjomba wako,
Kaimu